Kifuniko cha theluji ya kuvusha majira ya joto: uchambuzi wa kisa cha Craftsbury, Vermont

Kituo cha michezo cha Craftsbury Outdoor Center kipo kaskazini mwa jimbo la Vermont, Marekani, kwenye latitudo ya nyuzi 45 kaskazini na mwinuko wa mita 360 tu kutoka usawa wa bahari. Wanaokitegemea ni wanamichezo wa skii za masafa, ambao msimu wao unatishiwa na mabadiliko ya tabianchi: majira ya baridi yamepungua baridi, kipindi cha kuanguka theluji kimefupika, na mvua inayonyesha juu ya theluji iliyokwisha kutanda imeongezeka. Kituo hicho na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont waliamua kujaribu jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limefanywa mahali palipo chini kiasi hicho na kwenye latitudo ya kati, yaani kulundika theluji wakati wa majira ya kuchipua, kuifunika, na kuitandaza kwenye njia za skii baada ya majira ya joto kupita. Uamuzi uliohitaji vipimo vingi kuliko mingine ulihusu kifuniko, na ndio ninaouchambua hapa.

Nashikilia kwamba kisa hiki kinatufundisha kutochagua kifuniko kwa kuitazama tu namba ya upitishaji joto iliyoandikwa na mtengenezaji. Cha kuulizwa ni jinsi kifuniko kinavyohusiana na maji, na jinsi kinavyolirudisha hewani joto kilichopokea mchana. Hata hilo halifai kuulizwa kabla ya kuamua ukubwa wa lundo, kwa sababu lundo dogo halina kifuniko kitakacholiokoa.

Mahali na hali yake ya hewa

Kuhifadhi theluji au barafu chini ya mabaki ya mbao si jambo geni. Katika karne ya 19 mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston alisafirisha barafu ya maziwa ya Marekani kwa meli ikiwa imefungashwa kwa vumbi la mbao. Shehena yake ya mwaka 1833 iliondoka na tani zipatazo 180 na kufika Kolkata miezi minne baadaye ikiwa na tani takriban 100, baada ya kuuvuka mstari wa ikweta mara mbili. Katika zama zetu hospitali ya Sundsvall nchini Uswidi imekuwa ikipozwa tangu mwaka 2000 kwa theluji iliyofunikwa kwa vibanzi vya mbao, na vituo vya skii vya milimani barani Ulaya huhifadhi theluji kwa njia hiyohiyo. Vipimo vya mwaka 2015 vilivyofanyika Davos, Uswisi, na Martell, Italia, kwenye malundo yaliyofunikwa kwa vumbi la mbao, vilionyesha kwamba asilimia 74 ya ujazo wa theluji ilibaki Davos na asilimia 63 ilibaki Martell.

Mtu anaweza kudhani kwamba kilichofaa Davos kitafaa Vermont bila marekebisho, kwa kuwa sehemu hizi mbili zinakaribiana kwa latitudo. Tofauti imo katika mwinuko. Davos ipo mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku hupoa sana hata katikati ya majira ya joto. Craftsbury iko chini kwa zaidi ya kilomita moja, na majira yake ya joto huwa na unyevuanga mwingi. Hewa yenye unyevu hupunguza uvukizi kutoka kwenye kifuniko, huzuia sehemu ya mnururisho wa joto unaotoka ardhini kwenda angani usiku, na ikigusa kitu chenye baridi hutonesha maji na kuacha joto jingi hapo hapo. Kwa hiyo kila faida ambayo kifuniko cha mabaki ya mbao huipata milimani inapunguzwa bondeni, na ndiyo sababu jaribio hili lilistahili kufanywa badala ya kukisiwa.

Joto linavyoifikia theluji

Ili kuyeyusha kilo moja ya theluji ambayo tayari ipo kwenye nyuzi sifuri za selisiasi, zinahitajika kilojuli 334. Theluji iliyotengenezwa kwa mashine na kukaa kwenye lundo hushikamana hadi kufikia kilo 500, 600 au zaidi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kuyeyusha mita moja ya ujazo kunahitaji kilojuli zipatazo 200,000. Kiasi hicho ni kikubwa, na ndicho kinachoufanya mpango mzima uwezekane. Kazi ya kifuniko ni kuchelewesha kuingia kwa joto hilo, kwa maana hakuna kifuniko kinachotoa baridi.

Tuchukue bamba la povu gumu lenye unene wa sentimita 5, ambalo kwa kawaida hupitisha wati 0.035 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Tuseme upande wake wa juu una wastani wa nyuzi 15 usiku na mchana, na upande wa chini unagusa theluji yenye nyuzi sifuri. Joto litakalopita ni wati 10.5 kwa kila mita ya mraba, sawa na kilojuli 907 kwa siku, ambazo huyeyusha kilo 2.7 za theluji. Kwa theluji yenye kilo 600 kwa mita ya ujazo, lundo litapungua kimo kwa milimita 4.5 kila siku, yaani sentimita 81 kwa siku 180. Hapo tumechukulia kwamba bamba ni kavu, halina nyufa, na limelala vizuri juu ya theluji, mambo matatu ambayo ni nadra kupatikana pamoja.

Mvua huogopwa kuliko inavyostahili. Milimita 10 za mvua yenye nyuzi 15, hata zikipenya zote hadi kwenye theluji na kupoa kabisa, hubeba kilojuli 630 hivi, zinazotosha kuyeyusha chini ya kilo 2 kwa mita ya mraba. Madhara hayo ni madogo kuliko joto linalopenya bamba lile kwa siku moja ya kawaida. Mvua ya namna hiyo hainyeshi kila siku, na kifuniko kinene huyapoza maji yake kabla hayajafika chini. Kinachostahili kuogopwa ni hewa ya joto yenye unyevu inayopenya kwenye maungio ya mabamba na kutonesha maji juu ya theluji, kwa kuwa kila kilo ya mvuke unaogeuka maji huachia kilojuli zipatazo 2,500, nazo huyeyusha zaidi ya kilo 7 za theluji. Kwa sababu hiyo, maungio yasiyozibwa ya mabamba ya povu huniogopesha kuliko unene wake.

Joto la ardhini lipo, nalo watafiti walilifuatilia kwa kupima nyuzi za udongo hadi kina cha mita moja kando ya malundo. Kwa kawaida ni dogo likilinganishwa na linaloingia kutoka juu, kwa sababu udongo ulio chini ya lundo hupoa na kukaa karibu na sifuri. Sehemu hiyo huhitaji zaidi mtaro wa kuondoa maji kuliko kizuizi cha joto.

Majaribio ya mwaka 2018

Katika majira ya kuchipua ya 2018 yalijengwa malundo mawili, kila moja likiwa na mita za ujazo zipatazo 200, na yote yakafunikwa kwa vibanzi vya mbao. Ujazo wake ulipimwa kwa mtambo wa leza kila baada ya siku 10 hadi 14, na msongamano wa theluji ukapimwa kwa bomba maalumu la kuchotea sampuli. Juu ya hayo, vipima joto viliwekwa tangu hewani hadi kwenye theluji chini ya vifuniko mbalimbali: povu gumu, povu laini lenye matundu yaliyo wazi, na vibanzi vya mbao, vikiwa na blanketi la kuzuia joto chini yake au bila hilo, na vikiwa na turubai linaloakisi mwanga juu yake au bila hilo.

Mpango huu una ubora ambao mara nyingi hukosekana: vifuniko vilikabiliwa na hewa ileile, jua lilelile na mvua ileile. Mtu akilinganisha povu lililotumika mahali fulani mwaka fulani na vumbi la mbao lililotumika kwingine mwaka mwingine, hajalinganisha vifuniko bali amelinganisha misimu. Hata hivyo, kipimo cha joto chini ya kipande cha kifuniko hakisemi yote kuhusu lundo zima, ambalo lina miteremko, kingo, na uso unaosogea kila wiki. Vipimo hivyo vinafaa kupanga vifuniko kwa ubora, havifai kutabiri ni asilimia ngapi ya lundo itabaki.

Malundo yale madogo yalipoteza kati ya mita za ujazo 0.29 na 2.81 kwa siku, kasi kubwa ikiwa katikati ya majira ya joto na ndogo wakati wa kupukutika majani. Kwa wastani, lundo moja lilipoteza mita za ujazo 1.24 na jingine 1.50 kwa siku, sawa na asilimia 0.55 na 0.72 ya ujazo wa mwanzo. Tukiigawanya asilimia 100 kwa kasi hizo, tunapata kwamba lundo zima lingekwisha baada ya siku 140 hadi 180. Mtu aliyelifunika Aprili asingekuta kitu Novemba. Msongamano wa theluji uliongezeka kadiri muda ulivyopita, lakini sehemu kubwa ya ujazo uliopotea iliyeyuka.

Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu takriban theluthi moja ya upungufu wa ujazo huko Davos, na robo moja huko Martell, ilitokana na theluji kujishindilia. Kwa kigezo cha uzito, Davos ilibaki na asilimia 83 na Martell asilimia 72, takwimu zinazozidi zile za ujazo kwa pointi 9 za asilimia katika kila mahali. Anayelinganisha vifuniko kwa ujazo peke yake anaweza kukilaumu kifuniko kwa kosa lisilo lake, kwa kuwa theluji iliyolundikwa ikiwa nyepesi itapungua ujazo hata bila kuyeyuka tone moja. Anayenunua kifuniko kwa kuahidiwa kwamba asilimia fulani itabaki aulize kwanza kama ni asilimia ya ujazo au ya uzito.

Kwa nini vibanzi vilivyolowa vilishinda

Kifuniko kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikuwa cha tabaka tatu: blanketi la kuzuia joto likiigusa theluji, vibanzi vya mbao vilivyolowa juu yake, na turubai linaloakisi juu kabisa. Kwa mtazamo wa namba ya upitishaji joto, jibu hili ni la kushangaza. Maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo kibanzi kilicholowa ni kizuizi dhaifu kuliko kikavu, na vyote viwili ni dhaifu kuliko povu gumu kwa unene ulio sawa. Angalau hilo linaeleza kwa nini povu laini lenye matundu yaliyo wazi silitazamii mema: likinyonya maji hupoteza hewa iliyokuwa nguvu yake yote, na halina uzito wa kulifidia pengo hilo.

Maelezo ya watafiti, ambayo wao wenyewe wameyatoa kama yanayoelekea kuwa sahihi, ni kwamba uso wa alumini uliakisi mnururisho wa mawimbi mafupi ya jua, na vibanzi vilivyolowa vilikuwa na uwezo mkubwa wa kubeba joto, hivyo sehemu kubwa ya nishati iliyoingia mchana ilirudi angani usiku kwa mnururisho wa mawimbi marefu. Makadirio mepesi yanaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Tuseme tabaka la sentimita 40 la vibanzi vilivyolowa lina kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na kila kilo inahitaji kilojuli 3 hivi ili kupanda nyuzi moja. Tabaka zima litahitaji kilojuli 450 kupanda nyuzi moja tu. Bamba la povu la sentimita 5 halifikishi kilo 2 kwa mita ya mraba, na linahitaji chini ya kilojuli 3. Vibanzi, kwa hiyo, vinaweza kupokea joto la mchana mzima vikapanda nyuzi chache, huku sehemu yake ya chini ikiwa bado haijapata habari ya jua la saa sita, na kufikia wakati joto hilo linakaribia kushuka, usiku umekwisha kuingia na uso wa juu umeanza kulitoa.

Ninakubaliana na maelezo hayo kwa sehemu, lakini naona yanahitaji nyongeza. Uwezo wa kubeba joto peke yake huchelewesha na kusawazisha, wala haupunguzi wastani. Kama uso wa juu una wastani uleule wa joto kwa saa 24, basi joto linalopita chini kwa wastani litakuwa lilelile, liwe linapita kwa mawimbi makubwa ya mchana na usiku au kwa mtiririko uliotulia. Ili wastani ushuke, lazima kuwe na njia ya kuutoa nje wastani huo, na njia yenye nguvu kuliko zote ni uvukizi. Kila kilo ya maji inayovukiza huondoka na kilojuli zipatazo 2,450. Nusu kilo tu kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani nusu milimita ya maji, huondoa kilojuli 1,225, zaidi ya zote zilizopenya bamba la povu katika hesabu yetu ya awali. Ndivyo jasho linavyoupoza mwili hata hewa inapokuwa na joto linalokaribia lile la mwili wenyewe. Vibanzi vinavyolowa kwa mvua na kukauka pole pole kutokea juu vinafanya kazi hiyo siku baada ya siku bila kuhudumiwa.

Hapa ndipo turubai la alumini linapoleta mgongano ambao mchaguzi hana budi kuuona. Uso wa metali huakisi jua vizuri, lakini kwa tabia yake ya kimaumbile hutoa mnururisho wa mawimbi marefu kwa uchache sana, na kama turubai halina vitundu huuzuia pia mvuke kutoka. Kwa maneno mengine, linasaidia mchana na kukwaza usiku. Katika jaribio hili faida ilizidi hasara, na sina sababu ya kuyatilia shaka matokeo yenyewe. Lakini hayamaanishi kwamba metali ndiyo uso bora kuliko wote. Kitambaa cheupe kinachopitisha hewa huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, hutoa mawimbi marefu vizuri karibu sawa na uso mweusi, na huuacha mvuke upite. Vitambaa vyeupe vya namna hiyo hutandazwa juu ya sehemu za barafuto za Uswisi, kama vile Gurschen juu ya Andermatt tangu mwaka 2005, na vinapunguza uyeyukaji kwa asilimia 50 hadi 70 ukilinganisha na barafu iliyoachwa wazi, ingawa unene wake ni wa milimita chache tu. Huko juu jua ndilo adui mkuu na hewa ni baridi, kwa hiyo kuakisi kunatosha kwa sehemu kubwa. Kwenye mita 360 kitambaa peke yake hakitoshi, kwa kuwa hewa yenyewe ina joto, lakini juu ya vibanzi kinaweza kuifanya kazi ya turubai la alumini bila kuuziba usiku.

Mpangilio wa tabaka nao una sababu. Kizuizi kikavu kiko chini, karibu na theluji, na kitu kizito chenye maji kiko juu, ambako kinaweza kukutana na upepo na anga la usiku. Mtu akigeuza mpangilio huo, akaweka povu juu ya vibanzi vilivyolowa, atakuwa amevifungia vibanzi pamoja na theluji na kuvizuia visivukize. Vitabaki kama kipitishi joto chenye maji kisicho na faida yoyote.

Lundo kubwa la mwaka 2019

Mwaka uliofuata, mkakati uliotokana na vipimo hivyo ulijaribiwa kwenye lundo moja la mita za ujazo 9,300. Kasi ya upungufu, kwa uwiano wa ujazo wa mwanzo, ilikuwa ndogo takriban mara nne kuliko ya malundo ya 2018, na takriban asilimia 60 ya ujazo ilibaki baada ya majira ya joto.

Ni rahisi kusoma habari hiyo na kukisifu kifuniko, na ni hapa ninapowasihi wasomaji wafanye hesabu moja kabla ya kusifu. Joto huingia kupitia uso, lakini theluji huhesabiwa kwa ujazo. Lundo likikuzwa bila kubadilisha umbo lake, uso hukua polepole kuliko ujazo, na uwiano kati ya viwili hivyo hupungua kwa kadiri urefu unavyoongezeka. Mita za ujazo 9,300 ni mara 46.5 ya 200, na kipeuo cha tatu cha 46.5 ni 3.6. Kwa ukubwa peke yake, hata kwa kifuniko kilekile, tungetazamia kasi ipungue mara 3.6 hivi. Upungufu wa mara nne unakaribiana sana na namba hiyo, nao watafiti wenyewe wanautaja uwiano wa uso kwa ujazo kama sababu yenye uzito. Kifuniko kilichoboreshwa kilichangia, ila mchango wake kwenye tofauti hiyo ni mdogo kuliko unavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Kwa mtu mwenye bajeti yenye kikomo, jambo hili linabadilisha mpangilio wa maamuzi. Fedha zinazoweza kununua kifuniko bora kwa lundo la mita za ujazo 1,000 huenda zikafaa zaidi kutengeneza theluji mara tano ya hiyo na kuifunika kwa vibanzi vya kawaida. Umbo nalo ni sehemu ya hesabu: lundo refu na jembamba lina uso mwingi kuliko lundo la mviringo lenye ujazo uleule, na miteremko mikali huviporomosha vibanzi pindi theluji iliyo chini inapopungua na kubadilisha sura, ikiacha mabaka wazi ambayo jua huyachimba haraka.

Tukadirie faida ya kubadilisha kifuniko kwa lugha ya wanaskii. Asilimia 60 ya 9,300 ni mita za ujazo 5,580, ambazo zikitandazwa kwa upana wa mita 5 na kina cha sentimita 40 zinatoa njia ya kilomita 2.8 hivi. Kifuniko ambacho kingefikisha asilimia 75 kingetoa kilomita 3.5. Hizo mita 700 ndizo zinazonunuliwa kwa gharama ya ziada. Kwa kituo chenye mzunguko mfupi wa mazoezi huenda zisiwe na thamani hiyo. Kwa kituo kinachoandaa mashindano yenye urefu maalumu zinaweza kuwa tofauti kati ya kuandaa na kuahirisha.

Ambacho ningechagua

Kwa mahali panapofanana na Craftsbury, pa chini, penye unyevu, na palipozungukwa na misitu na viwanda vya mbao, ningechagua vibanzi vya mbao, lakini si kwa tabaka jembamba. Kama lundo la mita za ujazo 9,300 lina kina cha wastani cha mita 5, uso wake utakuwa mita za mraba 2,000 hivi, na tabaka la sentimita 40, unene uliotumika Davos na Martell kwa vumbi la mbao, litahitaji mita za ujazo 800. Huo ni mzigo wa malori mengi, na ndiyo sababu umbali wa chanzo cha vibanzi ni kigezo kizito kuliko ubora wake. Juu ningetandaza kitambaa cheupe kinachopitisha hewa, na ningekifungia mizigo kwenye kingo, kwa kuwa upepo unaoinua kona moja unaweza kukivua kitambaa chote.

Mabamba ya povu gumu lenye matundu yaliyofungwa ningeyachagua mahali ambapo mbao hazipatikani, au ambapo theluji lazima itoke ikiwa safi kabisa, au ambapo lundo litajengwa mahali palepale kwa misimu mingi kiasi cha kuigawa gharama ya kununua. Yana faida halisi: hayanyonyi maji, huondolewa na watu wachache kwa muda mfupi, na hutumika tena. Sharti lake ni kuziba maungio na kuyaongezea kitambaa cheupe juu, pamoja na kukagua kila baada ya wiki mbili, kwa sababu theluji hupungua bila usawa na bamba gumu haliufuati uso unaozama. Pengo linalobaki chini ya bamba hugeuka njia ya hewa. Vibanzi, kwa upande wao, huzama pamoja na theluji na kujaza mashimo vyenyewe, isipokuwa kwenye miteremko mikali. Uwezo huo wa kujirekebisha haumo katika namba yoyote ya mtengenezaji, nami naupa thamani kubwa.

Vibanzi vina kasoro zake. Huoza, na kadiri vinavyooza hupata rangi nyeusi inayonyonya jua, hivyo huhitaji kuongezwa au kubadilishwa baada ya misimu kadhaa. Maji yanayochujika kutoka kwenye mbao hubeba rangi na tindikali za mimea, kwa hiyo mtaro wa lundo usielekezwe moja kwa moja kwenye kijito. Vilevile vipande vidogo huganda kwenye tabaka la juu la theluji, na skii zikipita juu ya mbao hukwama na kukwaruzika.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nilitetee blanketi la chini hata pale ambapo faida yake ya kuzuia joto ni ndogo kulingana na gharama. Wakati wa kufunua, mashine hukwangua vibanzi kutoka juu ya blanketi bila kuigusa theluji, kisha blanketi hukunjwa kipande kwa kipande na kuiacha theluji ikiwa nyeupe. Bila blanketi, mwendesha mashine hulazimika kuchagua kati ya kuacha mbao kwenye theluji na kukata sentimita kadhaa za theluji ili aondoe mbao zote. Kwenye uso wa mita za mraba 2,000, kila sentimita 10 zinazokatwa ni mita za ujazo 200, sawa na lundo zima la majaribio ya mwaka 2018.